Mabilinganya Niliyoyapaka Mafuta

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mama watoto naomba asiufikie mstari huu, ni ile niliyopeleka mabilinganya kwenye maonyesho ya bustani za nyumbani, uwanja wa shule kule Chanzuru. Nakuandikia habari zake kwa kuwa nimesikia mwaka huu na wewe unapeleka nyanya zako. Nimeshaziona kwenye simu ya jirani. Zinang'aa humo kuliko zinavyong'aa shambani, nami nikajisemea, huyu ni mimi mtupu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, na tuyaache hukohuko yalikotoka. Wenzangu wa Kimamba walitawanyika, huyu Morogoro, yule Dar es Salaam, mwingine amedandia malori. Mimi nilibaki nyumbani. Si kwamba nilikosa pa kwenda, ila miguu yangu haikuumbiwa safari. Nikishavuka reli tu, nimeshaukumbuka mkeka wangu. Kijiweni wakanibatiza jina la Mwali, kwa sababu mwali ndiye awekwaye ndani asionekane. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaona wamepatia.

Baba yangu hakuona hivyo. Yeye alitumikia reli mpaka mgongo ukapinda, na babu yake alitembea siku nyingi kuja kukata mkonge katika mashamba yetu haya. Mtu wa ukoo wa namna hiyo hawezi kumwelewa kijana wa kiume anayeshinda uani. Mdogo wake alikuwa na nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu, na alihitaji mtu wa kufua mashuka na kukaa getini. Basi jioni moja Baba akaniita, akaniambia, "Unasema bustani ndiyo kazi yako. Nenda kaishindanishe na za wenzako. Ukirudi na karatasi yenye jina lako, baki hapa, sitakuuliza tena. Ukirudi mikono mitupu, kesho yake panda basi uende kwa baba yako mdogo."

Baba mdogo alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Lakini nilipowaza kulala mahali ambapo malori yananguruma na mkeka si wangu, chozi lilinilenga.

Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba. Matuta manne ya mabilinganya, mchicha kidogo, na kando ya uzio kulikuwa na maua. Ni yale yenye mashina marefu na vichwa vya duara, mekundu, ya njano na ya zambarau, ambayo sisi tuliyaita maua ya uani. Hayo sikumtajia mtu. Nilishaitwa Mwali bila maua, je, wangeniitaje wakijua? Niliyamwagilia alfajiri, na aliyeniuliza niliko nilimwambia namwagilia mchicha. Mchicha wenyewe ulikuwa mashina kumi.

Mbegu zote, za bilinganya na za maua, alinipa Bi Tatu, jirani yetu. Alikuwa mjane mzee, mwenyeji wa asili wa bonde hili, ambaye hakuna maonyesho aliyoyakosa. Siku mbili kabla alikuja mpaka kwenye uzio kunipa maneno. Chuma matano, akasema, yanayofanana kama watoto wa tumbo moja. Usitafute makubwa, tafuta yaliyo sawa. Yaache na vikonyo vyake. Usiyaoshe, usiyapake kitu, mng'ao wake Mungu ameshaumaliza. Nikaitikia ndiyo Bibi, ndiyo Bibi, huku moyoni nikisema huyu mzee hajafika hata darasa la saba, mimi nina kidato cha nne. Mdharau mwiba mguu huota tende, mwanangu, na wa kwangu uliota mtende mzima.

Nilichuma kumi na mawili. Niliyataka makubwa, basi mengine yalikuwa kama paja la mtoto, mengine yamepinda kama kiko. Nikachukua mafuta ya alizeti ya mama na kitambaa safi, nikayasugua moja moja mpaka ningeweza kunyolea ndevu mbele yake. Kisha nikawaza safari. Baiskeli ina keria ya chuma na barabara ina mashimo. Nikahitaji kitu laini cha kulizuia tenga lisigongwe. Lakini ilikuwa mwezi wa nane, nyasi zote zimekauka na zinachoma. Kitu laini kilichobaki uani kilikuwa maua yangu. Nikayakata yote, nikayakunja ndani ya gunia nililolilowesha, nikalipachika kati ya tenga na chuma. Tenga lenyewe nililiacha wazi juu. Nilitaka watu wa njiani wafaidi.

Waliofaidi ni malori mawili ya mahindi. Yalinipita moja baada ya jingine, na vumbi la barabara yetu unalijua. Mimi nililifuta usoni. Mabilinganya yaliyopakwa mafuta hayafutiki. Nilipofika Chanzuru yalikuwa yamepata ngozi mpya, nyekundu, yenye chenga chenga. Nikakimbilia bombani kuyaosha, likatoka tope.

Bwana shamba aliyekuwa akipokea mboga aliliangalia tenga, akaniangalia mimi, akalirudia tenga. "Bwana mdogo, hapa tunaonyesha mboga mbichi. Wewe umeshatia mafuta, umeshatia unga, umebakiza moto tu."

Uwanja ulicheka. Hata mimi leo nacheka, lakini siku ile nililiona basi la Mikumi likinisubiri kwa mlango wazi. Kisha akanieleza, kwa upole sasa, kwamba sahani ni ya matano yanayolingana, na katika yangu hayakupatikana hata mawili ya kuitwa ndugu.

Nikalibeba tenga langu kuelekea kwenye baiskeli. Njiani nikampita Bi Tatu, amesimama mbele ya sahani yake, mabilinganya matano kama yametoka kwenye kalibu moja. Nilitazama chini nikapita.

"Hujaniamkia," akasema.

Nikasimama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vumbi si msiba, mjukuu wangu, usiache adabu kwa ajili yake." Akanifuata mpaka kwenye baiskeli, nami nilijua anakuja kuniambia, "Si nilikwambia?" Hakusema. Macho yake yalikuwa kwenye gunia. "Na humo mna nini?"

"Matandiko tu, Bibi."

Akalifungua. Mengine yalikuwa yamepondeka, akayatupa. Yakabaki saba mazima, yana unyevu wa gunia, na vumbi halikuyagusa. Akayashika kwa mashina, akayatazama kwa muda mrefu.

"Kisichohitaji mafuta umekipaka," akasema. "Kilichostahili kuonwa umekitia guniani. Twende meza ya maua."

Nikamwambia meza ile ni ya kina mama, watu watanicheka.

"Si wameshakucheka? Maliza vyote leo, kesho upumzike."

Masharti yalikuwa kwamba maua yawe kwenye chombo chenye maji, na daftari la kuandikisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Mimi chombo sikuwa nacho. Bi Tatu alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga, lenye maua yake mwenyewe, hajaliandikisha bado. Mwanangu, bibi yule aliyatoa maua yake koponi mbele ya macho yangu, akayalaza mezani makavu, akatia yangu. Nilitaka kumzuia. Akasema vyeti anavyo vya kutosha, nyumbani anafunikia mitungi.

Mama aliyeshika daftari akaniuliza bila kuinua kichwa, "Haya ya nani? Ya mama yako?"

Nyuma yangu nilisikia sauti mbili za kijiweni, mmoja anamwambia mwenzake njoo umwone Mwali na maua yake. Jibu rahisi lilikuwa limeshakaa ulimini: ndiyo, ya mama. Ningelitoa, nisingechekwa tena, na karatasi ingeandikwa jina la mama. Nikayatazama maua ya Bi Tatu pale mezani. Yalikuwa yameanza kulegea shingo.

"Ni yangu," nikasema. Nikataja majina yangu yote matatu, kwa sauti kubwa kupita ilivyohitajika.

Nilipata nafasi ya pili. Ya kwanza alichukua mwalimu mmoja wa kike, na alistahili. Bi Tatu akaongoza kwenye mabilinganya, akapata cha kufunikia mtungi mwingine. Nilipotaka kumrudishia kopo akakataa. Akasema litarudi mwaka ujao likiwa limejaa.

Nyumbani Baba aliishika karatasi mbali na macho, kama wafanyavyo wazee wasiotaka kukiri kuwa wanahitaji miwani. "Maua?"

"Maua, Baba."

Akaisoma tena, nami nikaanza kuhesabu moyoni nguo zangu za safari. "Nami nilidhani unamwagilia mchicha," akasema. Kisha akanirudishia karatasi. "Basi yapande na mbele ya nyumba. Watu wajue hapa anakaa nani."

Sikwenda Mikumi. Miche yangu ndiyo iliyokwenda, kwanza kwa baba mdogo, kisha kwa majirani zake wenye nyumba za wageni, na mpaka leo inapanda bodaboda kila wiki huku mimi nimeketi mkekani. Kila ninapofunga mche nalitaja jina la Bi Tatu na kumwombea rehema, maana mikono yangu ilipanda, lakini yeye ndiye aliyenionyesha nilichokipanda.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kizuri chajiuza. Nyanya zako usizipake mafuta, wala hayo mafuta yenu ya kwenye simu, kwa sababu barabara ina vumbi na siku ya kufika itafika. Mzee akikupa neno kwenye uzio, usimpime kwa madarasa yake, mpime kwa bustani yake. Kile unachokimwagilia kwa kujificha, kitazame tena, huenda ndicho riziki yako. Ukiulizwa ni cha nani, kitaje kuwa chako. Na ukiona mwenzako amesimama mbele ya meza hana chombo, mwachie chako.

Nenda ukiwa na afya. Mungu akupe mkono usiouonea haya udongo, mvua isiyokuja na gharika, na jirani wa kukukumbusha shikamoo unapoisahau. Siku ya maonyesho nitakuwepo, panapo uzima, ingawa itanibidi tena kuvuka reli. Kopo la Bi Tatu nitalibeba kama kila mwaka. Nitaliweka kwenye kona ya meza, tupu, likimsubiri asiye nalo.