Tulivyomjibu Mjomba Kapu

"Mama, hasikii huyu."

Ndivyo alivyoniambia binti yangu likizo iliyopita, bila hata kuinua macho kwenye simu. Tulikuwa kibarazani kwa bibi yangu, Lituhi, tumetoka kula ugali wa muhogo na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, upepo unatupuliza miguu. Yeye ameziba masikio kwa hedifoni, anaangalia katuni ya sungura anayefundisha hesabu kwa nyimbo. Sungura akiuliza, mtoto anagusa jibu kwa kidole, nyota zinamwagika kwenye kioo, basi. Kimya kama kanisani siku ya kazi. Nikamuuliza mbona hamjibu kwa sauti, ndipo akanipa jibu hilo, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

Hasikii! Rafiki yangu, laiti ungekuwepo enzi zetu. Sisi tulijibiwa!

Jirani yetu alikuwa nesi mstaafu. Wenzake kiinua mgongo walijengea nyumba za kupangisha Mbinga mjini. Yeye alinunua sola, betri, dishi na TV ya chogo, ile yenye mgongo mrefu nyuma, akaiweka sebuleni juu ya meza na kuifunika kitambaa cha kufuma. Kitambaa kilitolewa kwa taarifa ya habari tu, na Jumamosi saa kumi jioni kwa ajili yetu watoto. Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji ya kumwagilia bustani yake ya mchicha. Mchicha ule ulinawiri kuliko wote pwani nzima, maana hakuna mtoto aliyekubali kukosa kumwona Mjomba Kapu.

Mjomba Kapu alikuwa mtu mrefu mwenye koti lililomshinda na kapu lenye tundu chini. Anaingia na vitu kumi, anafika sokoni na sita, anaanza kugombana na mbuzi wake aliyekuwa mpiga ngoma. "Nani kaniibia?" Sisi tunapiga kelele, "Tundu! Tundu!" Yeye anaweka mkono sikioni, anasema, "Sisikii!" Tunapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Ananyamaza kidogo, anatikisa kichwa, halafu anacheka: "Ahaa! Asanteni watoto!" Kisha wimbo unaanza, na kuku wake wanaitikia.

Usitucheke kwa kuamini kwamba alikuwa anasikia. Sisi watu wa ziwani ni watu wa kupaza sauti. Mitumbwi ikirudi asubuhi, walio ufukweni wanauliza kwa kelele wamepata nini, na walio majini wanajibu kwa kelele vilevile. Habari ya msiba wa kule kijiji cha Ngumbo ilitufikia hivyo, mtumbwi ukiuambia mtumbwi. Na lile dishi la nesi lilielekea ziwani. Sasa ukijumlisha yote hayo, wewe ungeamini nini?

Bibi yangu naye mwanzoni aliibeza TV. "Mnakwenda kumtazama mtu mzima anayeshindwa kushona kapu?" Saa kumi ndiyo saa ya kuondoa usipa kwenye chanja ya kuanikia kabla umande haujaingia, na mara nyingi alinikuta nachungulia jua badala ya samaki. "We mtoto, usipa watashuka wenyewe?" Nilikuwa nakusanya mbiombio, nusu wanaingia kwenye beseni, nusu wanaanguka kwa bata.

Kilichombadilisha ni mama yangu. Mama aliolewa Umatengo, Kitura, kwenye kahawa na baridi, akaniacha kwa bibi tangu nikiwa mdogo. Mwaka nilipokuwa darasa la nne alishuka kututembelea, akakutana na mwalimu wangu wa hesabu, akarudi nyumbani uso umekunjamana. Mwalimu alikuwa amemwambia ukweli: kwenye kuzidisha naijua mbili, naijua tano, lakini nikifika kwenye saba nakwama. Mwalimu hakuwa mkali. Alikuwa ananiuliza tu, mbele ya darasa, "Hivi hizi saba zimekukosea nini?"

Mama akamwambia bibi, "Mtihani wa la nne akishindwa, namchukua akasome Kitura. Huku amezoea kuchezea maji tu."

Bibi aliendelea kusonga ugali, lakini aliusonga muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Baridi ya Kitura nilikuwa naijua, na baba na mama niliwapenda, lakini bibi ndiye aliyekuwa nyumbani kwangu. Nililala naye kitanda kimoja. Sikuwa najua kulala bila mkoromo wake.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, bibi akajifunga khanga yake nzuri, akachota ndoo ya maji, akaniambia, "Twende kwa huyo mjomba wako."

Alikaa kwenye kigoda mbele kabisa, akatuziba wote. Mjomba Kapu akaingia: "Hamjambo watoto? Shikamooni wazee!"

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitika. "Kwema huko?"

Mjomba Kapu akaendelea na shughuli zake. Bibi akamgeukia nesi. "Ana haraka, lakini amelelewa."

Tangu siku ile bibi hakukosa. Usipa waliondolewa mapema, jua bado kali, na majirani wakaanza kusema bibi amezeeka. Na bahati ilioje, msimu ule Mjomba Kapu akaanza jedwali la saba! Aliuza maembe saba kwa kila nyumba, na wimbo wake mpaka leo uko kichwani mwangu:

Saba mara moja, saba mkononi,
Saba mara mbili, kumi na nne sokoni,
Saba mara tatu, ishirini na moja njiani...

Alifika saba mara saba, arobaini na tisa, kapu likapasuka, maembe yakatapakaa, mbuzi akala. Akatuaga akiwa amekalia maganda. "Jumamosi tunamalizia!" Mtihani ulikuwa unakuja baada ya Jumamosi mbili. Wiki nzima niliimba ule wimbo kisimani, shambani kwenye mihogo, kanisani kimoyomoyo wakati wa mahubiri. Kila nikifika arobaini na tisa, nasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto.

Najua utaniambia jedwali lilikuwa nyuma ya daftari. Lilikuwepo, ndiyo. Mimi daftari langu nilikuwa nimelifunga kwa gazeti na gundi ya uji, kwa unadhifu, na bibi hakuruhusu mtu achane kitu cha shule.

Jumamosi ikafika, na mawingu nayo. Mvua za kwanza zilikuwa zinanusa ziwa. Nesi aliangalia taa ya betri, akaguna, lakini akaiwasha TV hivyohivyo. Mjomba Kapu akaingia na kapu jipya. Akarudi pale pale alipoishia. Ngoma ikapigwa, kuku wakaitikia. "Saba mara nane!" akasema, akaweka mkono sikioni. "Sisikii!"

Kioo kikazimika.

Halafu tukalipuka wote kwa pamoja. Wengine "Hamsini na nne!" Wengine "Hamsini na sita!" Mimi nilimtazama nesi. Nesi alikuwa ameinamia betri, anakwangua kutu kwenye vichwa vya nyaya, na tulipomuuliza akatabasamu. "Mimi nimestaafu. Ulizaneni."

Bibi akasimama. "Sasa mmemwacha mtu wa watu barabarani, mkono sikioni, anawasubiri? Tokeni nje!"

Akatupeleka kwenye chanja yake, ikiwa tupu kwa sababu ya mawingu. Akaleta beseni la usipa wakavu, akalitua mbele yangu. "Wewe ndiye mwenye mtihani. Panga saba. Halafu saba tena chini yake. Mpaka mistari iwe nane."

Nikapanga. Saba, wamelala kichwa upande mmoja. Saba tena. Watoto wote wamezunguka chanja wanaimba taratibu, nami kila mstari nautaja jumla yake kwa sauti. Nilipomaliza wa nane tukahesabu mmoja mmoja, tukapata hamsini na tano! Fujo ikaanza upya, sasa kambi tatu. Mpaka mtoto mmoja akapiga ukelele: paka wa nesi alikuwa chini ya chanja, mkia wa usipa unaning'inia mdomoni.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Bibi alicheka akashika mbavu. "Na sisi tuna tundu!" akasema. Nikaweka mwingine pale paka alipochomoa, na nilipoiangalia ile mistari, nane, yote imejaa, kitu kikafunguka kichwani mwangu. Sikuwa nakariri tena. Nilikuwa naziona. Nikapiga kelele kabla ya mtu yeyote, "Hamsini na sita!"

"Mwambie basi," bibi akasema, akanyoosha kidole kule dishi lilikotazama.

Tukakimbia wote mpaka majini, bibi nyuma yetu amekunja khanga, tukasimama mawimbi yakitulowanisha magoti. "Hamsini na sitaaa!" Mvuvi mmoja aliyekuwa anakwenda kutega akasimamisha kafi. "Hamsini na sita nini?"

"Haikuhusu!" bibi akamjibu. "We peleka mbele!"

Na kweli akageuka, akapaza sauti kwa mwenzake wa mbali, "Hamsini na sitaaa!" Na yule wa mbali, hatukumwona vizuri, naye tukamsikia kwa mbali kabisa akiipeleka. Mvua ikatukuta pale pale, hakuna aliyekimbia.

Jumamosi iliyofuata jua lilirudi. Sebule ya nesi ilijaa mpaka madirishani, watu wazima wamo. Mjomba Kapu akaingia, kapu limeshonwa, akatutazama moja kwa moja, akasema, "Asanteni sana! Nimewasikia mpaka huku!"

Sijui nikueleze vipi. Watu walirukaruka, kigoda kikavunjika, nesi akalia kwa kucheka. Bibi peke yake alitulia, akarekebisha khanga. "Nilijua," akasema.

Kwenye mtihani wiki ile kulikuwa na swali la mafungu nane ya machungwa, kila fungu saba. Nilinusa usipa mle darasani, nakuapia. Matokeo yalipotoka mama alishuka tena. Akauliza, akaambiwa. "Basi abaki," akasema. Bibi aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kibiriti, na kilikuwa mkononi mwake.

Nesi ametutoka siku nyingi. TV ya chogo niliikuta juzi bandani kwake, imetolewa utumbo, kuku anatagia ndani. Umeme umefika, kila nyumba ina kioo chake na kila mtoto ana chake, na siwezi kusema hawajui hesabu, wanajua kutupita. Lakini hakuna tena anayepita na ndoo kwenda kwa jirani saa kumi. Hakuna anayelala na swali wiki nzima. Wakikwama wanagusa, jibu linatoka, na ufukweni jioni husikii mtoto akiuambia mtumbwi kitu chochote. Hilo ndilo linaloniuma.

Basi siku ile kibarazani, bibi, ambaye sasa macho hayaoni vizuri, akauliza, "Huyo mtoto anaangalia nini kimyakimya?" Nikamwomba binti yangu atafute jedwali la saba, nikachomoa hedifoni. Sungura akaimba, akacheza, akafika. "Saba mara nane ni ngapi?"

Bibi hakuielekea simu. Aligeuza uso ziwani, akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Hamsini na sitaaa!" Bata wakatawanyika uani.

Binti yangu alimkodolea macho, kidole kimesimama juu ya jibu, nyota zinamsubiri. "Bibi," akanong'ona, "amesikia?"

"Subiri Jumamosi," bibi akamjibu.

Ilikuwa Jumatatu. Binti yangu alifikiri kidogo, akakiondoa kidole kwenye kioo.