Goti Nililotoka Nalo Kwenye Treni

Kabla sijatoka kitandani hulikunja goti la kulia mara tatu. Likikunjika kimya, nashukuru. Likilia kama mlango uliokosa mafuta, basi siku nzima nitakuwa nazifikiria ngazi. Ninaishi ghorofa ya tano hapa Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, na jengo halina lifti.

Goti hili sikulipata Guangzhou. Nilikuja nalo kutoka Uholanzi, ambako kwa miaka tisa nilisafisha treni za ghorofa mbili, zile zinazowapeleka watu kazini na kuwarudisha. Tulizisafisha zikiwa mwendoni. Kutoka mlangoni kulikuwa na ngazi saba za kupanda na saba za kushuka, behewa baada ya behewa, nami nina mfuko wa taka begani na ndoo mkononi. Ghorofa ya juu dari ilikuwa chini, kwa hiyo nilitembea nimeinama, na treni ikikata kona, huko juu ndiko kulikoyumba zaidi. Unakaza mapaja, unaegemeza kiuno kwenye kiti, unasubiri itulie, kisha unapiga goti kuokota gazeti uvunguni. Ukifika behewa la mwisho, abiria wapya wameshaacha vikombe vyao kule ulikoanzia.

Mwanzoni nilizihesabu zile ngazi. Baadaye mguu ulijihesabia wenyewe. Ningeweza kushuka nimefumba macho: ya saba, kisha sakafu.

Hata hivyo naikumbuka kazi ile kwa hamu, hasa asubuhi za baridi, vioo vya juu vikiwa na ukungu, nikifuta kimoja kwa kiganja na kuona ng'ombe wamesimama kwenye majani meupe. Lakini mimi sijui kukaa mahali pamoja. Goti lilipoanza kuvimba niliaga, nikasema naenda kupumzika. Nikaja kwenye mji wa ngazi.

Hapa nawatembeza wafanyabiashara kutoka nyumbani. Nawaonyesha maduka, nawasemea bei kwa Kichina, nawafikisha ofisi ya kago inayosafirisha mizigo yao. Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja wa Dar es Salaam anayenunua magauni ya watoto, na wateja wengine wote nimewapata kwa sababu yeye alinisifu. Siku akisema nimechakaa, sina kazi. Kwa hiyo nilimficha goti. Tukipanda, nilimwomba atangulie. Tukishuka, nilijifanya nasoma simu mpaka akapotea kwenye kona, ndipo nikashuka kiubavuubavu, mkono ukutani.

Jumanne moja tulikuwa soko la Shahe, ghorofa ya pili ya jengo la nguo. Mwenye toroli anayetushushia mizigo alikuwa hajarudi, gari la kago lilikuwa linaondoka saa sita, na laoban, yaani mwenye duka, alikuwa akitaka robota letu la magauni liondoke mlangoni pake. Mama alisema tumsubiri mwenye toroli. Nikasema nitalibeba, si zito.

Lilikuwa zito. Nilijitwika begani likanifunika jicho moja, nikaanza kushuka, na mguu ukahesabu wenyewe kama ulivyozoea. Ya saba, kisha sakafu.

Ngazi za pale ni nane.

Robota lilinitangulia chini. Mimi nilifuata kwa goti.

Mama alishuka taratibu. Nilianza kumweleza kwamba sakafu ilikuwa na maji. Haikuwa na maji, na wote wawili tuliiona. Akakaa juu ya robota lake.

"Tangu juzi nakuona unashuka kama kaa," alisema. "Nikadhani ndio mwendo wa Ulaya."

Sikuweza kucheka. Nilimwambia yote, treni, mifuko, miaka tisa, nikiharakisha kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Alinisikiliza huku akivua mtandio wa mabegani. Akanifunga goti nao, akakaza mpaka nikauma meno.

"Mimi ninachokufuatia ni mdomo wako, mdogo wangu. Mgongo nitaupata kwa yeyote mwenye toroli."

Toroli ilipofika, gari la kago lilikuwa limeshaondoka. Tulipokuwa tunaagana nilimuuliza kuhusu kesho.

"Saa mbili, mlango wa metro. Ukija unachechemea, nakurudisha ukalale."

Sikujua kama ile ilikuwa huruma au onyo. Niliigeuza kichwani mpaka kukapambazuka.

Asubuhi sikulikunja goti. Lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa. Nililifunga tena kwa mtandio wake, nikauficha ndani ya suruali, nikasimama juu ya ngazi zangu mwenyewe ambazo sikuwahi kuzihesabu. Nikaanza kushuka nikihesabu kwa sauti. Jirani aliyekuwa anapanda na mboga zake alijibana ukutani anipishe, akanitazama kama mwendawazimu.

Nilipokaribia mlango wa metro nilinyoosha mgongo, nikajitahidi kukanyaga sawasawa. Mama alikuwa ameshafika. Nilimwamkia kutoka mbali. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama goti.