Kadi ya Dada Mkubwa

Kitinda alizaliwa wa mwisho katika nyumba ya wasichana watupu, na hakuwahi kuvaa nguo ambayo haikupitia kwanza mwilini mwa dada yake. Gauni, viatu, mkoba wa shule, vyote vilimfikia vikiwa vimeshamzoea mtu mwingine. Labda ndiyo maana akawa fundi cherehani, maana kupunguza kiuno na kupandisha pindo alijifunza kabla ya kusoma. Mpaka leo, kichwa kimejaa mvi, ana duka la chumba kimoja anakoshonea sare za wanafunzi, na nusu ya nguo za kabatini mwake ni za Dada Mkubwa.

Tena walifanana, jamani, walifanana hadi ikawa kero. Pua ile ile, mwanya ule ule, hata kikohozi. Watu walimsimamisha Kitinda barabarani wakampa pole za msiba wa mume asiyekuwa wake, naye akaitikia "Nimeshapoa" na kwenda zake, maana kueleza kunachosha. Alikuwa amezoea kuitika kwa niaba ya dada yake. Hilo likumbuke.

Nyumbani kwao kulikuwa na adabu zake. Mkubwa haulizwi anakokwenda. Mkubwa akilala mchana haamshwi, hata paa liwe linavuja. Mdogo haombi, anangoja apewe, na akipewa hakatai. Mama yao aliwafundisha hayo kwa mwiko wa kusongea, na mwiko ule uliwaingia vizuri, maana mama alikufa zamani na wao bado wanatii.

Dada Mkubwa aliolewa na muuza vipuri vya magari, mtu wa maneno machache aliyependa bahari kuliko nchi kavu. Kila mwaka alimpandisha mkewe meli ya utalii, kampuni ile ile, mpaka akapewa kadi ya bluu, ikaja ya fedha, ikaja ya dhahabu. Mume akafariki, kadi ikabaki. Na kadi ile, mwenzangu, ilikuwa na heshima zake! Mwenye nayo anapanda wa kwanza. Anafuliwa nguo bure. Anawekewa peremende juu ya mto. Ana ukumbi wake wa juu kabisa, viti vya kuzama, kahawa haikatiki, na mhudumu anayejua anapenda nini kabla hajasema. Na juu ya yote, mwenye kadi ya dhahabu huruhusiwa kuja na mtu mmoja wa kulala naye chumbani bila nauli.

Tangu mume afariki, mtu huyo alikuwa rafiki huyu au yule. Mwaka huu Mhasibu, mtoto wa pekee wa Dada Mkubwa, alikuja dukani kwa Kitinda, akasimama kati ya sare zilizoning'inia na kusema kwa sauti ya chini.

"Mama mdogo, safari hii uende wewe. Mimi na mke wangu na mtoto tutakuwemo, lakini chumba chetu kiko mbali. Mama siku hizi anapotea. Juzi alitoka kununua chumvi, nikamkuta kituo cha mabasi anamuuliza kondakta nyumbani ni wapi. Na sukari yake unaijua, akikosa sindano ya mchana anaanguka. Nakuomba, usimwache peke yake hata dakika. Macho yangu ni wewe."

"Mwanangu, hilo tu?" Kitinda akasema. "Nimemfuata nyuma maisha yangu yote. Nitashindwa leo?"

Akakata nguo mbili za safari, kitambaa kimoja, na vilemba viwili vya kijani. Waliposimama langoni mwa meli wakapigwa picha za kadi, kijana wa kamera akacheka, "Nyie mapacha?" Dada Mkubwa akajibu, "Huyu kopi yangu." Kitinda akacheka pia. Akapewa kadi ya bluu, ya wageni.

Meli ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Lakini bluu ni bluu. Siku ya kwanza Kitinda alimsindikiza dada yake mpaka mlango wa ule ukumbi wa juu, na mhudumu akaweka mkono kifuani kwa unyenyekevu wote. "Samahani sana mama, humu ni kwa wenye dhahabu tu." Basi akawa anakaa nje kwenye kiti cha plastiki, akiuchungulia mlango asije dada akatokea kwingine. Dada Mkubwa alikuwa akitoka na biskuti alizozifunga kwenye karatasi ya mezani na kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa. "Chukua, nimekubakizia." Kitinda alichukua. Kubakiziwa ndiko kulikomlea, lakini safari hii ile kahawa ilimkaa kooni.

Na mambo mengine yalimkaa moyoni. Dada Mkubwa alimwita jina la marehemu mama yao, mara moja, akiwa anachana nywele. Jioni nyingine alisimama mbele ya mlango wa chumba cha watu akisukuma kadi yake, akikasirika kwamba kitasa kimeharibika. Kitinda alimshika kiwiko akamgeuza taratibu, bila neno, kwa sababu mkubwa hasahihishwi. Hata Mhasibu, Kitinda hakumwambia. Alijiambia ataeleza wakirudi nyumbani.

Siku meli ilipofunga gatini, Mhasibu na mkewe na mtoto walishuka mapema na basi la watalii. Kabla hajaondoka aliingiza kichwa mlangoni.

"Mama mdogo, nyie leo hamshuki, sivyo?"

"Hatushuki, mwanangu. Nendeni salama."

Hata nyayo zao hazijaisha kwenye korido, Dada Mkubwa akatupa shuka, akafunga kilemba chake cha kijani. "Mimi nashuka. Nataka uzi wa kudarizi."

"Dada, si Mhasibu amesema..."

"Mhasibu nimemzaa mimi au kanizaa yeye?"

"Basi twende wote."

"Na magoti yako hayo? Utaniweka juani mpaka nikauke. Kaa." Akafungua pochi, akatoa kadi ya dhahabu, akaiweka mkononi mwa mdogo wake na kuvikunja vidole vyake juu yake, vile alivyokuwa akimpa pipi utotoni. "Nenda ukakae kule juu unywe kahawa ikiwa moto. Unadhani sikuoni unavyokaa nje kama mwombaji? Nipe hiyo bluu yako, mimi ni ngazi tu nataka kushuka. Nani atatutambua?"

Kitinda aliitazama ile kadi. Alijua jibu. Neno lenyewe ni fupi, hapana, hata mtoto analiweza. Lakini mdogo akipewa hakatai, na tena, tuseme ukweli wote, alikuwa anaitamani ile kahawa. Ameitamani tangu siku ya kwanza.

"Umechoma sindano?"

"Ya asubuhi nimechoma. Ya mchana nitaikuta hapa."

"Usichelewe, dada. Tafadhali."

"Ebo! Umekuwa mama yangu?" Akatoka akicheka. Kitinda alichungulia kwenye dirisha la korido, akamwona kule chini akipitisha kadi ya bluu kwenye mashine. Askari wa ngazi alitazama picha, akatazama kilemba, akampungia mkono apite.

Kule juu mashine ililia ting, na mhudumu yule yule akainama. "Karibu tena mama. Kahawa bila sukari, kama kawaida?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akainywa chungu hivyo hivyo, yeye anayeweka vijiko vinne. Akakaa kwenye kiti cha kuzama, kikamzamisha. Wakamletea taulo la moto la uso. Wakamsugua miguu, ile miguu iliyosukuma cherehani miaka na miaka, na mwanamke aliyemsugua akamwita bibie. Machozi yakamlengalenga, akaona haya. Akaagiza kahawa nyingine. Usingizi ukamchukua pale pale mdomo wazi.

Alipozinduka, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa dirisha. Saa ya sindano imeshapita! Alishuka ngazi akishika ukuta, magoti yakipiga kelele, mpaka kwenye korido yao. Kumbe kibao cha USISUMBUE kinaning'inia kwenye kitasa.

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti, pumzi zikamrudia. Amerudi. Amechoma sindano yake, amelala, na kibao ametundika. Kitinda aliweka mkono kwenye kitasa, achungulie tu. Akauondoa. Mkubwa akilala haamshwi. Akarudi juu kwa ncha za vidole, amchukulie dada yake biskuti. Zamu hii yeye ndiye atakayembakizia, na wazo hilo likamfurahisha.

Biskuti ya tatu ilikuwa inaingia kwenye karatasi kipaza sauti kilipokohoa. Kikasema meli inajiandaa kuondoka, na abiria mmoja bado hajaonekana kurudi. Kikataja jina. Lilikuwa jina lake, lote, lile la kwenye pasi.

Kikalitaja tena.

Akawaza haraka, na akawaza vibaya. Dada aliporudi amepita kwenye msongamano wa watu, mashine haikuisoma ile bluu, basi. Mashine hizi nazo! Wakija chumbani kuulizia watamwamsha, watakuta kadi zimebadilishwa, watamnyang'anya dhahabu yake yote aliyoachiwa na marehemu. Kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya mdogo mtu na tamaa yake ya kahawa. Akaificha kadi ya dhahabu kifuani, akateremka mapokezi.

"Mnanitangaza mimi," akamwambia dada wa mapokezi, na akajitahidi kutabasamu. "Nipo."

Dada wa mapokezi akatazama picha kwenye kioo chake. Pua ile ile, mwanya ule ule, kilemba cha kijani. "Afadhali, mama. Umetutia wasiwasi. Kadi yako?"

"Iko chumbani. Dada yangu amelala, sipendi kumwamsha."

"Wala usihangaike." Akabonyeza. "Sasa tumetimia."

Honi ikalia, ndefu, mpaka vikombe vya ukumbini vikatetemeka. Maji yakaanza kupanuka kati ya meli na gati.

Kwenye korido Kitinda alikutana na Mhasibu akitoka chumbani kwake, shati jipya, mtoto begani. Mhasibu akashusha sauti alipoukaribia mlango, kwa adabu ile ile.

"Bado amelala? Nilirudi mapema, nikabisha mara moja, kimya. Nikajua mmelala wote. Nikawatundikia kibao wasije wasafishaji wakawasumbua."

Kitinda alimtazama. Biskuti zilianza kuvunjika ndani ya karatasi.

"Wewe ndiye uliyetundika?"

"Mimi. Kwani vipi?"

Kitinda akamsogeza pembeni. Alitoa kadi kifuani, akaisukuma mlangoni mara mbili ndipo ikashika. Kitanda kilikuwa kama alivyokitandika mwenyewe asubuhi. Ndara za Dada Mkubwa zilikuwa chini ya kiti. Akafungua friji ndogo. Sindano ya mchana ilikuwa palepale, ndani ya kimfuko chake, baridi.

"Mama yuko wapi?" Mhasibu akauliza. "Mama mdogo! Mama yuko wapi?"

Walishuka mbio mapokezi, mtoto analia bila kujua analilia nini. Kitinda akaiweka kadi ya dhahabu mezani, akasema yote kwa mkupuo. Dada wa mapokezi aliichukua, akaipitisha, akatikisa kichwa. Mashine inasema mama yumo. Mama amekunywa kahawa asubuhi, amesuguliwa miguu, amekunywa kahawa tena. Hakushuka kabisa.

"Huyo aliyekunywa ni mimi!" Kitinda akapiga kelele. "Mimi! Haya magoti siyo yake!"

Ndipo wakapiga simu bandarini. Dada wa mapokezi aliweka sauti nje ili wote wasikie, na nadhani mpaka leo anajuta. Askari wa lango la bandari hakuwa na haja ya kufikiri.

"Ndiyo, alikuja mama mmoja, kilemba cha kijani, mfuko wa nyuzi mkononi. Alikuja meli ikiwa bado imefungwa. Ana kadi ya bluu. Lakini nilipomuuliza jina, akataja jina lingine, siyo la kwenye kadi. Nikapiga simu huko kwenu kuhakikisha. Mkaniambia mwenye kadi hiyo ameshajitokeza mwenyewe, yumo ndani. Nikamwambia mama, hebu ondoka hapa, na kadi za watu usiokote."

"Akasema nini?" Mhasibu akauliza.

"Hakubishana. Alikuwa anayumba, midomo imemkauka. Aliniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwonyesha barabara."

"Mfuateni! Ana sukari, ataanguka!"

"Tutatuma mtu," sauti ikasema. "Lakini ni muda sasa. Na hapo nje njia ni nyingi."

Mhasibu alimgeukia mama yake mdogo polepole. Hakufoka. Afadhali angefoka, angalau Kitinda angepata pa kujibia. Nyuma yake, dirishani, gati lilikuwa limebaki mstari tu.

"Walipokuita jina," akasema, "ulijibu nini?"

Kitinda alifungua mdomo. Biskuti zote zilikuwa zimegeuka unga kwenye kiganja chake.

"Nilisema nipo."