Kitambaa Cheupe Kwenye Mfenesi wa Mkuza

Hasira zangu, wasomaji, safari hii zimeniumbua. Mimi na mume wangu tunakata miti mibovu hapa Kibaha: mimi naikagua, yeye na vijana wake wanaiangusha. Juzi ilikuwa zamu ya mfenesi uliooza, umeiinamia nyumba ya Bi Mwanahawa pale Mkuza. Vijana wakagoma. Kwenye tawi la chini palikuwa na kitambaa cheupe, na huku kwetu kitambaa mtini ni tambiko.

Nikamvaa jirani, Bi Tatu, aliyekuwa akiutetea mti kwa ajili ya kivuli. "Umekifunga wewe! Mti ukiwaangukia watoto wa mwenzio utafurahi? Ujamaa haujengwi kwa mizimu!"

"Shikamoo imekushinda, mwanangu?" akajibu. Akachukua ufito wa kuangulia mapapai, akakivuta kile kitambaa. Nikarudi nyuma kwa woga, na elimu yangu yote ya sekondari.

Akakinusa. "Mama Zuhura, mizimu siku hizi inakojoa?"

Ilikuwa nepi ya mwanangu Zuhura. Jana yake niliisuuza kwa maji matupu na kuianika pale mwenyewe, nikiukagua mti, nikaisahau. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaupanda mti. Aibu sina pa kuiweka, lakini alhamdulillahi, mti uliangukia upande wa shamba.