Maneno ya Damiani

Mchana Lukresia alikuwa dobi katika hoteli moja ya watalii nje kidogo ya mji wa Karatu, na jioni alikuwa mwandishi. Akishakunja mashuka ya wageni waliotoka kutazama wanyama ndani ya kreta, alikaa kitandani na simu yake, akaandika hadithi ya Rozina, mpelelezi wa kike anayemsaka muuaji wa baba yake, na kutuma sehemu moja kila Ijumaa kwenye kundi la wasapu. Ulikuwa mwaka wa nne na muuaji hajapatikana. Nani angehangaika naye, wakati wasomaji walitaka mapenzi tu?

Mwanzoni Rozina alikuwa moto. Alikamata majambazi kwa mikono yake, akaendesha gari kwenye tope la masika bila kuomba msaada wa mtu. Wasomaji wakanuna. "Madam, huyu ni mwanamke au mgambo?" wakauliza, na wengi wao walikuwa wanawake. Basi Lukresia akamleta Inspekta Damiani, mrefu, mpole, mwenye wivu. Siku Damiani alipomzaba Rozina kofi, kisha akalia na kumkumbatia, meseji zilimiminika mpaka simu ikakwama. Tangu hapo Lukresia akajua wanachotaka. Rozina akaolewa na Damiani, akawa mtu wa kutekwa na kuokolewa, kupigwa na kubembelezwa, na upelelezi wote akaachiwa Damiani.

Lukresia mwenyewe hakuwahi kuolewa wala kupigwa. Vipigo vya Rozina alivichukua kwa mdogo wake, Antonia, aliyeolewa kijijini Rhotia na Sylvesta. Huyo Sylvesta alikuwa dereva wa watalii, mtu wa kuwafungulia wageni mlango wa gari na kuwauliza kama wamelala vizuri. Antonia akija na jicho limevimba, dada yake alimkanda kwa maji ya chumvi, akamlaani Sylvesta kwa hasira ya kweli kabisa, na Ijumaa jicho lile lilionekana usoni mwa Rozina. Antonia hakuchukia. Alikuwa akimsomea mumewe hadithi hiyo wakila, na wote wawili walimpenda Damiani.

Mwaka huu, kabla ya mavuno ya maharage, Antonia alikuja hana meno ya mbele. Safari hii aliapa harudi. Lukresia alifurahi hadi akaona haya. Alimpa nafasi kitandani kwake, akamtafutia kibarua palepale udobini.

"Ukirudi atakuua," alimwambia waziwazi wakianika mashuka. "Usirudi, mdogo wangu."

"Mbona Rozina alirudi?"

"Rozina si mtu, Antonia!"

"Lakini Damiani si alibadilika?"

Lukresia alivuta shuka jingine. Ni yeye aliyembadilisha Damiani, na ni yeye aliyemrudisha kwenye ngumi kila wasomaji walipoanza kupoa. Ijumaa hiyo aliandika: Rozina akafunga begi, akamshtaki Damiani, akaondoka. Akatuma. Wasomaji wakamjia juu. Wengine walijitoa kundini, wengine wakatuma sauti wakilia kabisa. Hao aliwavumilia. Asichoweza kukivumilia ni Antonia, aliyeketi upande wa pili wa kitanda na simu mkononi, machozi yakimtiririka.

"Umemvunjia Rozina ndoa yake," Antonia alisema. "Kwani wewe ndoa unaijua, dada?"

Jumapili baada ya misa kikao cha usuluhishi kilikaa kwa mama yao, baba mdogo Piusi akiwa mwenyekiti kwa kuwa baba yao alishafariki. Sylvesta alikuja na dumu la pombe ya asali na blanketi la kumpa mama mkwe. Wazee walitarajia aseme yaleyale ya siku zote, kwamba amekosa, shetani alimpitia. Badala yake akapiga magoti. Mwanaume mzima, mbele ya wakwe, kwenye vumbi!

"Antonia," alisema, "mkono huu uliokuumiza ndio huohuo unaotetemeka usipokuwepo. Ukate, lakini usiniache."

Mama akajifuta macho kwa kitenge. Baba mdogo akakohoa, akatazama pembeni. Maneno yale Lukresia aliyaandika mwenyewe, ameketi juu ya lundo la mataulo wakati wa mapumziko, na siku ile aliyafurahia sana.

"Hayo ni maneno yangu!" alisema akisimama. "Baba mdogo, ameyatoa kwenye hadithi! Ni ya Damiani!"

"Damiani ndiye nani?" baba mdogo aliuliza, na watu wakacheka kidogo. "Kaa chini, mwanangu. Mtu anaomba msamaha, wewe unatuletea habari za simu. Mambo ya ndoa waachie wenye ndoa zao."

Antonia hakumtazama dada yake. Alikuwa ameshainuka, anamshika mumewe kiwiko ili asimame, anampangusa vumbi magotini.

Lukresia hakuandika tena. Wasomaji walimwomba, wakamtukana, wakamwambia wana arosto, kiu ya hadithi kama ya walevi. Hata Krismasi haijafika, aliitwa hospitali, akaenda na aproni yake ya kazi. Antonia alikuwa amelazwa, taya limefungwa, jicho moja limefumba, na sikio la upande huo halitasikia tena. Manesi walikuwa wameambiwa kwamba alianguka.

Sylvesta alikuwa kwenye kiti karibu na kitanda, amepakata mfuko wa machungwa. Alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, shemeji."

Lukresia alimpita, akasogelea kitanda.

"Safari hii nimezidi, nakiri," Sylvesta alisema, akishusha sauti. "Ila na wewe hujatuma kitu tangu Rozina aondoke. Akirudi, Damiani atamwambia nini?"

Lukresia alitaka kupiga kelele manesi waje, askari waje, wodi nzima isikie. Kwanza akageuka amshike mdogo wake mkono. Antonia alikuwa amewaelekezea sikio lake zima. Kwa jicho lililobaki wazi alikuwa anamtazama dada yake, na wala hakuwa anaomba askari. Alikuwa anasubiri mwendelezo.