Kitambaa Chekundu cha Mwaloni

Mvua ya kwanza ikidondokea jiwe lililochomwa na jua mchana kutwa, jiwe hutoa harufu. Waliokulia Mwanza wanaijua, na wengi wanaipenda. Mimi hufunga dirisha. Hapa Kiseke majirani hunicheka kwamba naogopa mvua kama kuku, nami nawaacha wacheke. Ninyi nitawaambia sababu.

Kila shule zilipofungwa Desemba, tulitoka kwenye chumba chetu cha kupanga Mirongo tukaenda kukaa kwa bibi, mama yake baba, katika nyumba ya mabati iliyobanwa na mawe makubwa ufukweni mwa ziwa. Baba alikuwa seremala mjini, ila likizo hizo alijifanya mvuvi, na wavuvi wenyewe walimtania kwamba nyavu zake zinafuga samaki. Hakujali. Kilichompeleka majini ni kutazama wanyama. Alinionyesha fisi maji wakibiringishana kwenye matete, kenge akiota jua, minandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, waliotandaza mabawa yakauke. Kipenzi chetu alikuwa furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, aliyetua kila asubuhi juu ya mti mkavu uliosimama mwaloni, pale tulipofunga mtumbwi. Akilia, mimi na baba tuliacha uji tukakimbia nje.

Bibi naye aliwatazama wanyama, lakini kwa kazi. Pimbi wa kwenye miamba ndio waliokuwa redio yake. "Pimbi wakiingia, nanyi ingieni," alisema, na kweli, wakishatoweka, dhoruba haikukawia. Hapo bibi alifunika kioo kwa khanga, akapindua sufuria zisimeremete, kisha akatukagua mmoja mmoja. Aliyevaa chekundu alivuliwa. Chekundu huita radi, kila mtu kwetu alijua hivyo, na bibi alikuwa na sababu ya kujua zaidi: binti yake wa kwanza alipigwa na radi akiwa na gauni jekundu. Hakuwa tayari kutoa mtoto mwingine.

Mwaka ninaousema, tulipofika bibi hakuwepo. Alikuwa Sengerema kwa shangazi aliyejifungua. Ndipo mama akafunga kitambaa chekundu juu kabisa ya ule mti mkavu. Mama alizaliwa upande wa Mara, kwa watu wa ziwa, na hakuuamini uvuvi wa baba hata kidogo. Mimi nilidhani kitambaa ni cha kufukuza ndege wasile dagaa tulioanika, maana furukombe aliacha kutua. Nilinuna. Sikumwuliza mtu, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto wa miaka saba.

Bibi alirudi na feri. Kesho yake mchana, mama akiwa mashineni kusaga muhogo na baba akiwa ziwani, pimbi wakaingia. Wingu jeusi lilikuwa linavuka maji kutoka Sengerema. Bibi akafanya yake: kioo, sufuria, sweta langu. Halafu akachungulia mlangoni, akaona chekundu kinapepea mwaloni.

"Mkwe wangu amesahau nguo nje," akasema.

Mvua ya mawe ilikuwa imeshaanza, lakini alitoka, mzee yule, akaupanda ule mti mkavu, akakifungua. Alirudi ameloa chapachapa, akakikamua, akakikunja vizuri, akakisukumia chini ya godoro lake. Nilifurahi. Niliwaza kwamba kesho furukombe atarudi.

Mvua ilishuka hadi ziwa, mawe na mbingu vikawa rangi moja. Mama alifika akikimbia, unga wa muhogo umegeuka uji kichwani mwake. Hakuingia ndani. Alipitiliza hadi mwaloni akasimama anaita, na alimwita baba kwa jina lake. Sikuwahi kumsikia akilitamka jina lile. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Walimpata baba jioni ileile, mtumbwi umepasukia kwenye miamba, karibu tu na kwetu. Asubuhi furukombe alikuwa juu ya mti, analia. Uji ulikuwa mbele yangu. Sikuinuka.

Walipotoa vitanda kupisha waombolezaji, mama ndiye aliyebeba godoro la bibi. Mchana wake mvuvi mmoja jirani alieleza mambo yalivyokwenda. Kwenye mvua kama ile, alisema, mtu haoni ufukwe, na pale kwetu palikuwa na uwazi mmoja tu wa kupita kati ya mawe. Marehemu aliujua kwa kitambaa cha mkewe. Bila shaka alikuwa anakitafuta.

Bibi, aliyeketi mkekani, akainua kichwa. "Kitambaa kipi?"

"Upepo ulikichukua, mama," mama akajibu upesi.

Nikafungua kinywa nimsahihishe. Vidole vyake vikanibana shingoni hadi machozi yakanitoka, na watu wakadhani namlilia baba. Nilimchukia mama kwa hilo, tena kwa muda mrefu. Niliona amesema uongo mbele ya maiti.

Bibi alipozeeka tulimleta Mirongo. Mama alimwogesha na kumlisha kwa mkono wake. Kila mvua ilipokuja bibi alitukagua bado, na mama, ambaye hakuyaamini mambo hayo hata siku moja, alivua alichoambiwa avue. Kisha ikaja mvua ya mwisho ya bibi, akiwa hawezi tena kuinuka.

"Mama Mbuke," alimwita mama kwa jina langu, "niletee kile kitambaa."

Mama hakuuliza kipi. Alikitoa chini kabisa ya sanduku lake. Bibi akapitisha kidole juu ya mistari ya mikunjo.

"Siku ile ya msiba nilikwenda kukitafuta chini ya godoro. Hakikuwepo."

"Ni upepo, mama."

Bibi akamnyooshea kitambaa. "Ndiyo," akasema. "Upepo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji, msichana mkubwa wa sekondari, ndipo nikaelewa. Miaka yote ile nilidhani siri ni yangu na mama peke yetu. Kumbe wale wanawake wawili walijua, kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua, na bado walikula sahani moja kila siku. Mama alipoteza mume, akakataa bibi naye apoteze usingizi wa uzeeni. Usingizi sidhani kama bibi aliupata, lakini alipewa.

Radi ikapiga upande wa ziwani. Mama akakichukua kitambaa, akakikunja tena kwa mikunjo ileile ya bibi, na mimi nikaweka beseni chini, nikaenda kufunika kioo.