Nakala Nyepesi za Mama Oscar

Pale Newala mjini ukiuliza Yuster ni nani, watu watakukodolea macho. Uliza Mama Oscar wa video, hata mtoto atakupeleka mpaka mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye maneno mengi, na kwa miaka tisa amerekodi harusi, vipaimara na sherehe za wali wanaotoka unyagoni kuanzia Tandahimba hadi Masasi. Kosa lake ni moja: hajui kusema hapana.

Ndivyo alivyojitia matatani Desemba iliyopita. Wiki moja kabla ya Rose kutolewa unyagoni, bibi yake aliyemlea, Bibi Yasinta, alimwita Yuster na kumkalisha karibu.

"Mama Oscar, presha ya macho inanimaliza. Siku hiyo nitakaa mbele, lakini nitaona rangi za kanga tu. Nifanyie sura ya mjukuu wangu iwe kubwa, ukutani, niione kabla macho hayajafunga kabisa."

"Utaiona, bibi," akasema Yuster, bila hata kufikiri.

Kamera yake ya siku zote isingeweza kutoa sura ya ukubwa huo bila kuiharibu, kwa hiyo akaazima ya 4K kwa Chrispin, mpiga video mwenzake wa Masasi. Picha zilitoka safi, ungeweza kuhesabu shanga. Ila kompyuta yake, kongwe aliyouziwa na mwalimu mmoja, ilipopewa picha hizo iliganda. Akibonyeza leo, inajibu kesho. Onyesho la nyumbani kwa bibi lilikuwa Jumapili mchana, na Jumatatu shule zinafunguliwa, Rose anarudi bweni.

"Usiilazimishe," Chrispin akamwambia kwenye simu. "Tengeneza nakala nyepesi, sisi tunaziita proksi. Ni picha zilezile ila zimepunguzwa. Kata na kuunga kwa hizo. Ukimaliza, unaiambia programu irudi kwenye faili kubwa, na yenyewe itafuata kila ulichokata. Nyepesi ni za kazi, Mama Oscar. Kubwa ndizo za kuonyesha watu."

Kweli kompyuta ikaanza kuteleza. Yuster akacheka peke yake dukani kwake. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera: programu ilizipa nakala majina yaleyale ya faili kubwa, yaani namba tupu. Mtu mzima aliyezaa na kulea, unamwitaje namba? Akabadilisha zote. Kila aliyekuja mkekani kumtuza Rose akaandikwa kwa heshima yake: Mjomba, Mama Julia, Baba Danieli, mpaka vipande sitini na vitatu. Akafanya kazi kwa raha siku tatu, akijisifu.

Jumamosi asubuhi akaiambia programu irudi kwenye faili kubwa. Skrini ikawa nyekundu yote. Programu ilikuwa inamtafuta Mama Julia kwenye faili kubwa, na huko hakuna Mama Julia, kuna namba. Adabu yake mwenyewe ilikuwa imemponza.

Akajaribu kurusha zile nyepesi ukutani kwa projekta aliyoazima parokiani. Uso wa Rose ukawa kama uji uliomwagika. Alipojaribu kufungua faili kubwa mojamoja ili amtambue kila mtu, kompyuta iliganda kwenye ya pili. Yuster akakaa chini, akaogopa. Hakuogopa kusemwa, alishazoea. Aliogopa yale macho ya bibi.

Ndipo akakumbuka kwamba namba za kamera hufuatana jinsi ulivyorekodi. Akijua nani alitangulia na nani alifuata, atajua namba ya kila mmoja. Yeye hakukumbuka, alikuwa anahangaika na mwanga. Akampigia mama yake Rose, Dominika. Dominika naye alikuwa jikoni siku ile.

"Muulize mama," akasema, akampa bibi simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Video imeisha?"

Yuster akashindwa kudanganya. Akaeleza yote.

"Andika," akasema Bibi Yasinta. "Wa kwanza Nikolao. Kwetu mjomba ndiye anayefungua mkeka, hata rais akija atamsubiri. Halafu dada zangu kwa kuzaliwa kwao. Halafu Mama Julia, alileta jogoo, jogoo akapiga kelele. Mimi sikuona mtu, lakini kila aliyepiga magoti nilimsikia."

Yuster akaandika mpaka mkono ukauma. Kila jina likapata namba yake, mpaka la thelathini, ambapo programu ikagoma: urefu wa vipande haukulingana.

"Bibi, hapa umeruka mtu."

"Sijaruka mtu mimi!"

Na kweli hakuruka. Kipande cha thelathini kilikuwa unyayo wa Yuster mwenyewe. Alisahau kuzima kamera, na nakala yake aliifuta kabla ya kuandika majina. Akaomba radhi, akaendelea. Alipomaliza kuzirudishia nakala namba zake, wekundu ukaondoka kwenye skrini, kipande kwa kipande, naye akalia kwa furaha bila kujificha.

Jumapili madirisha ya sebule yakazibwa kwa kanga. Projekta ikawashwa, na Bibi Yasinta akasogezwa karibu kabisa na ukuta. Alikuwa anawataja watu kabla hawajatokea: "Nikolao huyo. Sasa dada yangu." Watu wakacheka.

Kisha ukaja uso wa Rose, mkubwa kuliko mlango, umepakwa mafuta, unang'aa. Bibi akaacha kutaja. Akainuka, akaugusa ukuta shavuni.

"Macho haya yalikuacha mtoto," akasema. "Lini umekuwa na uso wa mama yangu?"

Rose alikuwa amekaa nyuma. Akaja mbele, akasimama kando ya picha yake, akaushika mkono wa bibi ukutani na kuuweka kwenye shavu lake mwenyewe.

"Mama Oscar," bibi akaita bila kugeuka, "isimamishe hapohapo."

Yuster akabonyeza. Safari hii kompyuta ikajibu palepale.